Harufu Tuliyoinyamazia Mteremkoni

Fundi wetu hakuligusa gurudumu. Alichutama kando ya tairi la mbele la kushoto, akasogeza kiganja chake mpaka kikabaki umbali wa shubiri moja hivi kutoka kwenye rimu, akakirudisha haraka, kisha akachukua chupa ya maji na kudondosha matone machache juu ya chuma. Matone yalichemka papo hapo kwa mlio mkali na kutoweka kabla hayajatiririka. Tulikuwa tumesimama mahali palipo sawa kidogo katikati ya mteremko, watu watano na magari mawili, na kwa muda hakuna aliyesema neno. Ndipo dada aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma cha gari langu aliposema kwa sauti ya chini, "Mimi nilianza kuisikia hiyo harufu tangu kona ya tatu. Nilidhani mnajua."

Maneno hayo machache yamekaa nami kuliko mandhari yote tuliyoiona. Alidhani tunajua. Nami niliyeshika usukani nilikuwa nimeisikia pia harufu hiyo ya breki zinazoungua, kwa mbali, lakini nilijiambia kwamba inatoka kwenye gari lililotutangulia. Na fundi wetu, aliyeketi kando yangu, alikiri baadaye kwamba aliuona mguu wangu ukirudi kwenye breki mara nyingi kupita kiasi, ila hakutaka kumfundisha mwenye gari kuendesha gari lake. Tulikuwa watu watatu ndani ya gari moja, kila mmoja ameshika kipande chake cha ukweli, na gari likazidi kuteremka. Ninaandika kuhusu safari hiyo ya siku tatu ya kuvuka mlima kwa gari, na hasa kuhusu mambo tuliyoyaona bila kuyasema, kwa sababu kila ninapoirudia akilini naona kwamba karibu kila hatari iliyotusogelea ilikuwa imekwisha kuonwa na mmoja wetu kabla haijafika.

Kwa upande wa vyombo tulijiandaa vizuri. Gari langu ni la petroli, la gia za mkono, lisilo na tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. La pili, la rafiki yetu ambaye ni mkubwa kwetu sote kwa umri na ambaye tunamwita Kaka, ni la dizeli lenye tabo. Yote mawili huendesha magurudumu yote manne na yote yana gia nzito, yaani seti ya ziada ya gia za mwendo wa polepole sana. Tulibeba tairi mbili za akiba, jeki pamoja na kipande cha ubao mpana cha kuiwekea ili isizame kwenye udongo, koleo, mkanda wa kuvutia gari lililokwama, pampu ya upepo inayotumia umeme wa betri, redio mbili za mkononi, sanduku la huduma ya kwanza na lita 60 za maji. Mafuta tuliyahesabu kana kwamba njia ni ndefu mara mbili kuliko ilivyo kwenye ramani, kwa kuwa gari linalopanda kwa gia nzito hunywa mafuta bila kusogea mbali, na hesabu ya kilomita kwa lita iliyozoeleka barabarani haina maana yoyote pale juu.

Kosa la kwanza lilikuwa juu ya paa la gari langu. Madumu matatu ya maji, ya lita 20 kila moja, niliyafunga juu kwa sababu ndani kulijaa mizigo. Kilo 60 si nyingi kwa gari kubwa likiwa barabarani, lakini zikikaa juu ya paa zinapandisha kitovu cha uzito wa gari zima, na gari likilala upande mmoja kwenye njia iliyoinama, uzito huo wa juu ndio wa kwanza kulivuta chini. Nililijua jambo hili kabla ya kuondoka. Nililijua, nikayafunga madumu, nikakaza kamba vizuri, na nikaendelea na mengine. Ilinibidi nifike mahali pa kwanza ambapo njia iliinama kuelekea bondeni, nihisi mwili wangu ukiegemea mlango na kiti kikilia chini yangu, ndipo nisimamishe gari na kuomba msaada wa kuyashusha. Tulitumia saa nzima kupanga mizigo upya kwenye upepo mkali, kazi ambayo asubuhi, penye uwanja tambarare, ingechukua dakika kumi. Mizigo laini ilipanda juu, maji yakashuka hadi kwenye sakafu nyuma ya viti, na gari lilipoondoka tena lilikuwa gari jingine kabisa.

Changarawe ilipogeuka kuwa mawe tulipunguza upepo wa tairi, kutoka paundi 36 hadi 22. Hatua hii watu wengi huiona kama jambo dogo, nami ninaiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote katika kuendesha kwenye mawe. Tairi lililojaa upepo hulirukia jiwe na kutua upande wa pili kwa kishindo. Tairi lililopunguzwa hulala juu ya jiwe, likalikumbatia, na sehemu yake inayogusa ardhi hurefuka, kwa hiyo hushika zaidi bila injini kuongezewa nguvu. Shingo za abiria nazo hupumzika. Lakini kuna gharama: ubavu wa tairi hutokeza nje, na ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote, hivyo jiwe lenye ncha lililokuwa halina madhara linaweza kuupasua, na tundu la ubavuni halizibiki njiani kwa vibandiko vya kawaida. Mwendo nao lazima ubaki mdogo, na kona zikatwe taratibu, la sivyo tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu.

Jioni ya siku ya kwanza gari la Kaka lilipata pancha ya namna hiyo hasa, ubavuni, na tairi likabadilishwa bila shida. Ninalitaja kwa sababu ya jambo moja tu. Baada ya kama saa mbili za mwendo siku iliyofuata, Kaka alisimama bila kuulizwa na mtu, akatoa spana na kuzikagua nati za gurudumu lile jipya. Mbili kati ya sita zilizunguka karibu robo mzunguko kabla hazijashika. Gurudumu lililofungwa upya hukaa sawasawa baada ya kutikiswa, na linapokaa nati hulegea. Hivyo ni lazima zikazwe tena baada ya mwendo mfupi. Kati yetu watano, Kaka peke yake ndiye aliyelikumbuka hilo na kulifanya.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa siku ya kuvuka mgongo wa mlima. Tuliondoka alfajiri, kwa kuwa milimani mawingu hukusanyika mchana na mvua nyingi hunyesha alasiri, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa juu kwenye mwamba uliolowa. Niliweka gia nzito tangu mwanzo wa mpando. Asiyezoea huidhani gia hii kuwa ni ya kuongeza nguvu tu, na ni kweli kwamba huongeza, kwa sababu hupunguza mzunguko wa magurudumu takriban mara mbili na nusu na kuzidisha nguvu yake kwa kiasi hichohicho. Lakini faida ninayoithamini zaidi ni utaratibu. Katika gia ya kwanza nzito gari linatambaa polepole kuliko mtu anayetembea, dereva anapata muda wa kuona jiwe, kulifikiria, kuchagua, na hata kubadili mawazo. Usukani niliushika bila kuuzungushia vidole gumba, kwa sababu gurudumu likigonga jiwe kwa ubavu usukani hurudi ghafla na mikono yake inaweza kuvunja kidole. Mawe makubwa niliyapandisha tairi juu yake badala ya kuyapitisha katikati ya magurudumu, kwani chini ya gari, kwenye mhimili, kuna difu, kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu, inayoning'inia, nayo haipandi juu hata kama gari limeinuliwa kwa springi ndefu. Kinachoiinua difu ni tairi peke yake.

Injini ilizimika kwenye ngazi ya mwamba, mita chache chini ya kona kali. Sababu haikuwa ya ajabu. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mguu wangu ulikanyaga mafuta kwa kipimo cha uwanda wa chini, na kipimo hicho hakikutosha tena. Gari lilisita, likatetemeka, likanyamaza. Nyuma yangu palikuwa na mteremko wa mawe legevu, na baada ya mteremko gari la Kaka.

Hapo ndipo mtu hufanya kosa kubwa. Mwili mzima unataka kukanyaga klachi, kuweka gia huru na kuliacha gari lirudi nyuma kwa breki. Lakini kwenye mawe legevu breki huyafunga magurudumu, magurudumu yaliyofungwa huteleza, na gari linaloteleza kinyumenyume huanza kugeuka ubavu, na likishageuka ubavu kwenye mpando mkali linaweza kupinduka. Fundi wetu alianza kuzungumza mara moja, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma: "Acha mguu hapo hapo kwenye breki. Vuta ya mkono. Sasa weka gia ya nyuma, nzito hiyo hiyo. Achia klachi yote, usiogope, injini imezima. Shusha ya mkono. Achia breki taratibu mpaka gia ilibebe gari. Sasa washa." Nilizungusha ufunguo gari likiwa ndani ya gia, injini ikawaka, na gari likarudi nyuma kwa hatua ndogo, limenyooka, likizuiwa na injini yenyewe. Katika kurudi huko sikugusa breki wala klachi hata mara moja. Magari mengi ya kisasa hayaruhusu injini kuwashwa bila klachi kukanyagwa, hivyo ni vyema kila mtu alijue gari lake kabla ya kulihitaji; langu liliruhusu, na sitausahau utulivu wa sauti ile.

Tulipofika chini ya ngazi na kupumua, Kaka alikuja kwa miguu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kwamba alikuwa amelifuata gari langu kwa karibu mno, kwamba alilitambua hilo kabla hatujaanza kupanda, na kwamba aliona aibu kusema kwenye redio kuwa anataka kusubiri chini. Kuanzia hapo hakuna gari lililoanza kupanda kabla la mbele halijafika mahali pa kusimama na kutoa taarifa. Jaribio la pili nililifanya kwa mstari mwingine, upande wa ndani wa njia, nikiwa nimeongeza mafuta mapema na kuyashikilia bila kuyabadilisha, na gari lilipanda kana kwamba mwamba haukuwapo.

Juu kidogo ya hapo njia ilibanwa kati ya ukuta wa jabali na bonde. Upana wake ulitosha gari na kama unyayo mmoja zaidi, na katikati palikuwa na jiwe lililotulazimisha kusogea upande wa bonde kwa urefu wa gari moja. Nilisimama. Wenzangu wanne walishuka wote na kuja mbele kunisaidia, na msaada huo ndio uliotaka kutuponza. Mmoja alinionyesha kushoto, mwingine alipunga mkono ambao nilidhani unasema njoo kumbe ulisema ngoja, wa tatu alikuwa nyuma ya gari akipaza sauti juu ya tairi nisiloliona, na mimi nikakata usukani nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Tairi la mbele la kulia lilikanyaga ukingo, kokoto zikaanza kumiminika chini, na zilichukua muda mrefu kabla hatujazisikia zikifika.

Ni dada yule yule wa kiti cha nyuma aliyepiga kelele, "Simama! Wote nyamazeni!" Kisha akasema kwamba mtu mmoja tu ndiye atakayeelekeza, na wengine waondoke mbele ya macho ya dereva. Madereva wa malori wana utingo, na utingo mzuri ni mali. Anashuka, anatembea mbele au nyuma, na dereva hufuata mkono wake bila kuuliza. Tulimchagua fundi. Alisimama mita tano hivi mbele yangu, upande wa jabali ili asiwe kati ya gari na bonde, na kabla sijaachia breki tulikubaliana ishara: mikono miwili kuelekea kwake ni njoo, ngumi iliyoinuliwa ni simama, mkono ukinyooshwa upande fulani basi usukani uende upande huo, na kama simwoni, kwa sababu yoyote ile, nasimama. Alipaona mahali pa kila tairi. Mimi sikuona kitu zaidi ya boneti na uso wake.

Kuendesha namna hiyo ni kugumu kwa sababu mtu hulazimika kuyaacha macho yake mwenyewe. Nilipofika penye jiwe, kila kitu ndani yangu kilisema usukani uende kushoto, mbali na bonde, na mkono wa fundi ulisema kulia, inchi chache zaidi kulia. Nilimtazama. Alirudia ishara, polepole, na akatikisa kichwa kunikubalia. Nilipinda kulia, gari likainama kuelekea upande ambao sikutaka kuutazama, tairi la nyuma likapanda bega la jiwe, likashuka, na gari likanyooka. Aliponiambia baadaye sababu yake niliielewa mara moja: kama ningekata kushoto, tairi la mbele lingepita lakini la nyuma, ambalo kwenye kona hupita ndani zaidi, lingelikosa bega la jiwe na gari lingekalia tumbo juu yake, likiwa limeinama. Kutoka kitini kwangu jambo hilo lisingeonekana kamwe.

Tulifika mahali njia inapokata mgongo wa mlima baada ya saa sita mchana. Ni zaidi ya mita 3,000, na katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 90 hivi. Watu walipiga picha. Mimi nilikaa juu ya jiwe, kichwa kikinigonga nyuma ya macho tangu saa moja iliyopita, na nikatabasamu kila kamera ilipogeuka upande wangu. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida ni dalili za mwili kulemewa na kimo, zinaweza kuanza mtu anapopita mita 2,500, na dawa ya kuaminika kuliko zote ni kuteremka. Nilijiridhisha kwamba kwa kuwa tunateremka hata hivyo, hakuna haja ya kumsumbua mtu. Sikufikiria kwamba aliye na dalili hizo si mtu wa kushika usukani kwenye mteremko, na kwamba ndani ya gari langu mlikuwa na dereva mwingine mzuri kuliko mimi, mwenye kichwa kizima, ambaye angebadilishana nami kwa neno moja.

Basi niliendesha. Kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nilitaka kufika chini, niliweka gia ya pili nzito badala ya ya kwanza. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa kusimuliwa. Katika gia ya kwanza injini ingelishikilia gari kwa kasi niliyoitaka. Katika ya pili gari lilikimbia kidogo kuliko nilivyotaka, nami nikawa ninalirekebisha kwa breki, kidogo hapa, kidogo pale, kona baada ya kona. Breki hazijali kama unazikanyaga kwa nguvu au kwa upole ikiwa huziachii. Mwendo unaouzuia hugeuka kuwa joto, na gari lililopakia mizigo likishuka mamia ya mita lina mwendo mwingi wa kugeuzwa joto. Pedi zikipita joto lake hupoteza msuguano. Baya zaidi ni mafuta ya breki. Hayo hunyonya unyevu wa hewa taratibu katika maisha yake: mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji kipimo chake cha chini ni 155. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, unabanika. Mguu unakanyaga, mapovu yanabanwa, na nguvu haifiki kwenye gurudumu.

Niliuhisi mwanzo wake. Pedali ilishuka chini kidogo kuliko kawaida, ikawa laini, kama mtu anayekanyaga sifongo. Nilikanyaga mara mbili za haraka ikapanda tena, na hapo, nakiri kwa moyo mzito, nilinyamaza kwa kona mbili zaidi kabla ya kusema, "Breki zinalegea." Fundi hakunilaumu. Alisema tu, "Gia ya kwanza, sasa hivi, kabla mwendo haujaongezeka," kwa kuwa mteremkoni gari likishapata kasi gia ndogo haingii, au ikiingia inavunja kitu. Ilikuwa imebaki nafasi ndogo tu. Gia iliingia, injini ikalia kwa sauti ya juu, gari likapunguza mwendo kama lililoshikwa mkono kwa nyuma, na tukatambaa mpaka pale palipokuwa sawa ambapo maji yalichemka juu ya rimu na dada akasema alichokisema.

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Sikuvuta breki ya mkono, kwani kwenye gari langu inashika magurudumu ya nyuma ambayo nayo yalikuwa ya moto. Tuliyazuia magurudumu yote manne kwa mawe na kuliacha gari ndani ya gia. Hatukumwaga maji kwenye diski ili zipoe upesi, kwa sababu chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda au hupasuka. Tulingoja tu. Na katika kungoja huko, kwa mara ya kwanza katika safari yote, tulizungumza kwa unyofu. Nilisema kuhusu kichwa. Fundi alisema kuhusu mguu wangu na breki. Kaka alisema kwamba kwenye ukingo ule wa jabali alitaka turudi, na kwamba bado anaamini ingekuwa sahihi kurudi. Kijana aliyeshika ramani ndani ya gari lake, ambaye alikuwa amesema machache tangu tuanze, alisema aliona kwenye mistari ya kimo kwamba mteremko wa upande huu ni mkali zaidi kuliko mpando tuliotoka, na hakusema kwa sababu alidhani kila mtu ameitazama ramani. Hakuna aliyekuwa ameitazama.

Dada alieleza kwa nini alinyamaza, na maelezo yake yalinigusa. Alisema kwamba yeye haendeshi gari, hajui majina ya vyuma, na kila mara anaposema kitu kuhusu gari mbele ya watu wanaojua, anajibiwa kwa wema kwamba hiyo ni kawaida. Nilikumbuka kwamba asubuhi hiyo aliuliza kuhusu mlio fulani chini ya gari, nami nikamjibu, "Hiyo ni kawaida," bila hata kusikiliza. Mlio ule kweli ulikuwa wa kawaida. Lakini jibu langu lilimfunga mdomo saa chache baadaye, wakati pua yake ilikuwa imeliona tatizo ambalo sisi wenye majina ya vyuma hatukutaka kuliona. Mpanda nyuma, asiyeshughulika na njia, mara nyingi ndiye anayesikia na kunusa vizuri kuliko wote.

Fundi ndiye aliyeendesha gari langu mpaka mahali pa kulala, kwa gia ya kwanza, mguu wake ukiwa sakafuni na si kwenye pedali. Maumivu ya kichwa yaliniisha kadiri tulivyoshuka.

Siku ya tatu gari la Kaka lilikwama kwenye korongo la mchanga na mawe, magurudumu mawili yakiwa yamezama nusu. Tulichimba mbele ya tairi kwa koleo na kupunguza upepo zaidi, halikutoka, ikabidi tulivute. Kijana wa ramani, akiwa na haraka ya kusaidia, aliuchukua mkanda na kwenda kuufunga kwenye kirungu cha chuma cha nyuma ambacho hutumika kuvutia tela. Nilikuwa naanza kumfuata nikasikia sauti mbili kwa pamoja, ya fundi na ya dada, "Hapana, siyo hapo!" Dada alikuwa amemsikia fundi akilieleza jambo hilo jioni iliyotangulia: kirungu hicho kimetengenezwa kwa mvuto wa taratibu wa tela, na si kwa mshtuko wa mkanda unaorefuka na kujivuta kama mpira, na kikikatika huruka kama risasi kikiwa kimefungwa kwenye mkanda, na watu wamekufa kwa namna hiyo. Mkanda ulifungwa kwenye ndoano za kuvutia zilizoungwa kwenye chesisi, tukatandika koti zito juu yake katikati ili liuvute chini kama utakatika, watu wote wakasimama mbali na upande, na hakuna aliyeuruka mkanda wala kupita katikati ya magari. Gari lilitoka kwa mvuto wa pili.

Ilikuwa imebaki sehemu ndogo ya njia ya mawe kabla ya barabara ya changarawe, mahali ambapo tungesimama na kujaza upepo tena. Nilikuwa nimerudi kwenye usukani, gia ya kwanza nzito, jua likiwa upande wa kushoto. Dada akaniambia nisimame, kwa kuwa anasikia kitu kinagonga nyuma, kwa mpigo, na kinaongezeka mwendo ukiongezeka. Mimi sikusikia chochote. Nilisimama, nikazima injini, nikatoa taarifa kwenye redio ili Kaka naye asimame, na watu wote watano tukashuka tukalizunguka gari. Fundi alilala chali chini ya mhimili wa nyuma, akagusa shafti, akatikisa shokomzoba moja baada ya nyingine, akakagua nati zote, kisha akapitisha vidole kwenye meno ya tairi la nyuma la kulia. Alitoa kokoto moja nyeusi, ya ukubwa wa punje ya hindi, iliyokuwa imebanwa kati ya meno mawili na kugonga ardhi kila gurudumu lilipozunguka. Akamkabidhi dada mkononi, akamshukuru, na tukarudi garini.